Kigingi cha Kona ya Chini

Juzi kijana mmoja wa Musoma alinipigia simu. Anasema, "Mzee Magesa, nimepata kazi ya kuweka kiwanja cha nyasi bandia nyuma ya nyumba ya mtu. Eneo zuri, lina mteremko kidogo tu." Nikamwuliza hiyo "kidogo" imepimwa na nani. Akasema ameambiwa na mwenye nyumba. Nikamwambia akate simu, aende akapime, halafu anipigie tena. Jioni alinipigia, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Ukisimama upande wa juu wa hilo eneo, alisema, unaona paa la bafu lililojengwa upande wa chini.

Basi ndiyo maana nimekaa kuwaandikia vijana wangu mnaoingia kwenye kazi hii. Mimi nimeshaiacha, magoti yamegoma. Lakini bado nikipita mahali nikaona kiwanja cha kijani nyuma ya ukuta, nasimama naangalia maji yake yanatokea wapi. Mke wangu anasemaga nitapigwa siku moja nikidhaniwa mwizi.

Kabla ya nyasi nilikuwa mwashi. Aliyenifundisha ni Fundi Shabani wa Bunda, mtu mwembamba, mpole wa maneno, ambaye sijapata kuona mwenye mashaka kama yeye. Hakuwa anakaa kwenye kiti bila kukitikisa kwanza. Ukimletea chai, anauliza maji yamechotwa wapi. Mwanzoni tulikuwa tunamcheka. Siku moja tulikuwa Butiama, tunajenga ukuta wa kuzuia udongo, na mimi nikamwambia uwanja wa juu uko sawa kabisa, hauhitaji kupimwa. Akaniletea mpira wa maji wa kupimia usawa, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, akanishikisha ncha moja. Maji yalipotulia, upande wangu ulikuwa juu kiasi cha goti. Nilikuwa nimedanganywa na uzio wa jirani. Uzio wenyewe ulikuwa umelala na mteremko, na jicho langu lilikuwa linalinganisha ardhi na uzio.

"Macho yako yanakupendelea," aliniambia. "Yanataka umalize kazi uende nyumbani."

Na hata huo mpira wa maji msiuamini hivihivi. Angalieni hewa ndani. Povu dogo likikaa katikati, mtapata vipimo vya uongo na mtabishana mpaka jioni.

Nyasi zilipoanza kuingia huku kwetu, watu wengi walidhani kazi ni kutandika zulia. Masatu, mwenzangu wa Kibara niliyefanya naye kazi miaka mingi, naye alidhani hivyo. Kazi yetu ya kwanza Musoma, alitandika vipande bila kuangalia manyoya ya nyasi yamelalia upande gani. Tukaunganisha, tukapaka gundi, tukamwaga mchanga. Mwenye kiwanja alipotoka nje akakuta nusu moja kijani kibichi na nusu nyingine kama imekauka. Nyasi ni zilezile, ila mwanga unazipiga tofauti. Masatu alimwambia ndiyo mtindo mpya, timu mbili, kila moja na rangi yake. Yule bwana alikubali, akafurahi, akaita jirani zake waje kuona. Mimi sikufungua mdomo.

Lakini nyasi ni mambo ya mwisho, na mimi nataka niwaambie habari ya chini ya nyasi. Nataka niwaambie ya Manyamanyama, pale Bunda, kwa Bwana Wambura.

Wambura alikuwa mfanyabiashara wa vyuma na mabati, mtu wa kanisani, mwenye kauli fupi. Alikuwa amejenga nyumba nzuri kwenye eneo linaloshuka, na nyuma ya nyumba alitaka kiwanja kidogo cha watoto wake, wacheze mpira bila kwenda barabarani. Upande wa chini, nyuma ya ua wa minyaa, kulikuwa na nyumba ya mama mmoja mjane tuliyemjua kwa jina la Mama Bhoke. Yeye alikuwa anauza dagaa sokoni.

Siku ya kwanza Wambura alituonyesha eneo, halafu akatuvuta pembeni. "Huyo mama wa chini msizungumze naye. Tuliwahi kupelekana serikali ya mtaa kwa ajili ya mpaka. Anatafuta njia ya kunizuia."

Nikakubali kwa kichwa. Ila moyoni nilijiuliza kwa nini mtu anionye kuhusu jirani kabla hajanionyesha maji ya bomba yako wapi.

Eneo la mteremko mnalikata upande wa juu, udongo huo mnaujaza upande wa chini, na mnajenga ukuta wa kuushika. Sehemu iliyokatwa unaweza kuiamini kidogo, maana ni ardhi iliyokaa yenyewe. Sehemu iliyojazwa usiiamini hata siku moja. Inashindiliwa kidogokidogo, tabaka kwa tabaka, kwa mashine, na maji ya kunyunyizia. Tukapiga vigingi vyetu, tukafunga uzi kuonyesha kiwanja kitakapoishia, tukaenda nyumbani.

Asubuhi tulikuta kigingi cha kona ya chini, upande wa mwarobaini, kimesogea. Kilikuwa kimepanda juu hatua kadhaa, na uzi umelegea. Masatu akasema ni mbuzi. Tukakirudisha.

Kesho yake kimesogea tena. Kigingi kilekile, na mbuzi gani anang'oa kigingi halafu anakigongelea vizuri mahali pengine.

Wambura alipoona alikasirika. "Si niliwaambia? Anakula ardhi yangu." Halafu akamwangalia Masatu. "Na wewe si ni mtu wa Kibara? Yule mama ana ndugu zake Kibara."

"Kibara kuna watu wengi, mzee," Masatu akajibu. "Sijazaliwa nao wote."

Tangu hapo kazi ikawa nzito. Wambura akawa anakuja kila mara kuhesabu mifuko ya saruji. Mke wake alikuwa anatuletea chai, sasa akawa anaiacha kibarazani bila kusema. Masatu akawa hanywi. Aliniambia, "Kaka, huyu mtu akipotelewa hata na kijiko atatuita sisi." Na kule chini, Mama Bhoke kila asubuhi alikuwa anasimama nyuma ya minyaa na ndoo yake, anatuangalia. Nikimsalimia anaitikia, lakini macho yako kwenye ile kona. Watoto wa Wambura walikuwa wanapenda kukimbizana palepale, maana palikuwa tambarare kidogo kuliko kwingine. Wakifika hapo, yule mama alikuwa anaweka ndoo chini.

Hilo la ndoo ndilo lililonisumbua. Nikawaza jambo hili nikiwa kwangu. Mtu anayetaka ardhi anahamisha jiwe la mpaka, hagusi uzi wa fundi. Halafu kigingi kilikuwa kinapanda juu, lakini ardhi iliyokuwa inabaki nje ya uzi bado ilikuwa ndani ya eneo la Wambura. Yule mama hakuwa anapata chochote. Na vigingi vilikuwa vinne, kwa nini kimoja tu.

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya kuanza kushindilia ardhi ya chini, kabla ya kujaza. Mashine ilikuwa ije asubuhi. Nikawahi mimi, jua linachomoza, nikapita kwenye njia ya upande bila kugonga geti. Mama Bhoke alikuwa amepiga magoti kwenye ile kona, amefunga kanga kiunoni, anagonga kigingi kwa jiwe.

Aliponiona hakukimbia. Alimaliza kugonga, akasimama.

"Shikamoo, fundi," akasema. Nadhani alinizidi hata umri, lakini alinisalimia hivyo.

"Marahaba, mama. Mbona unatuharibia kazi?"

"Nimeiharibu wapi? Nimeisogeza."

"Kwa nini?"

Akaniangalia sana. "Wewe umeletwa na yeye. Nikikuambia, utampelekea, na yeye atasema naleta uchawi kwenye eneo lake. Alishasema hivyo mbele ya watu."

"Basi usiniambie habari yake. Niambie habari ya hapa."

Akanyoosha kidole kwenye vifaa vyetu. "Una mtarimbo pale. Chomeka mwenyewe. Mimi nisiwe nimesema kitu." Akapita kwenye ua, akaenda kwake.

Nikachukua mtarimbo, ile fimbo nzito ya chuma ya kuchimbia. Nikachomeka nje kidogo ya kona, ukaingia kiasi ukagoma kwenye udongo mgumu, sawa na kawaida. Nikasogea, vilevile. Nikasogea tena kuelekea mwarobaini, nikapiga. Ule mlio sijausahau. Ulikuwa mlio wa bati, na nyuma yake mwangwi, kama mtu amegonga pipa tupu. Nilirudi nyuma kwa kisigino, taratibu, nikiwa nashika majani kama mtu anayetoka kwenye maji.

Mashine ilifika. Masatu ndiye alikuwa anaiendesha siku zote, na ile kona tulikuwa tumepanga aanze nayo. Nikamwambia aizime. Nikamwita Wambura.

Alikuja akiwa na kikombe mkononi. Nikamwambia chini ya hapa kuna uwazi, kiwanja hakiwezi kukaa hapa mpaka tufukue. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Umeongea na yule mama?"

"Nimeongea naye."

"Amekupa nini?"

Vijana wangu, katika kazi hii mtatukanwa. Mtaitwa wavivu, wezi, walevi. Lakini nilikuwa sijawahi kuulizwa swali kama lile, na kwa sauti ya utulivu vile. Masatu alianza kukusanya vifaa. Nikamzuia kwa mkono.

"Hajanipa kitu," nikasema. "Bwana Wambura, mimi siwezi kumpitisha Masatu hapo na mashine. Kama unaona ni maneno ya jirani, njoo usimame hapa mwenyewe. Si lazima uruke. Simama tu."

Akaweka kikombe juu ya tofali. Akatembea kwa haraka, kama mtu anayekwenda kumaliza ubishi. Alipofika karibu na ule mwarobaini nikapiga mtarimbo tena mbele yake, mara moja. Ule mlio ukatoka. Mguu wake ulikuwa umeshanyanyuka. Haukushuka. Alibaki hivyo, mguu mmoja, akiangalia chini, halafu akaurudisha nyuma pole pole.

Akageuka kuelekea nyumbani, akaita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, kwamba waingie ndani na wasitoke.

Tulimfunga Masatu kamba kiunoni, ncha nyingine kwenye shina la mwarobaini, mimi na kijana aliyetuletea mashine tukaishika katikati. Akalala kwa tumbo juu ya ubao, akawa anaondoa udongo kwa koleo fupi. Udongo haukuwa mwingi, kina chake kama mkono kutoka vidoleni mpaka kiwiko. Chini yake kulikuwa na milango miwili ya chuma, imelazwa sambamba. Kutu ilikuwa imeila mpaka imekuwa kama wavu. Masatu alisukuma kipande kwa ncha ya koleo, kikakatika, kikaanguka. Tulisubiri. Kilipofika chini kililia majini.

Lilikuwa shimo la choo cha zamani. Zamani pale juu palikuwa na nyumba ya wapangaji, ikabomolewa, na choo chao kikafunikwa namna ile.

Wambura alikaa kwenye rundo la mawe, akapiga simu. Eneo lile alikuwa ameuziwa na mjomba wake, Mzee Marwa, anayeishi Nyamuswa. Alikuja kwa bodaboda mchana huohuo, mzee mwenye kofia safi, akadhani ameitiwa chakula. Alipoona milango imelazwa kando ya shimo, alivua kofia.

"Milango hii ni ya nyumba yako ya zamani," Wambura akasema.

"Ni yangu."

"Mjomba, ulinizungusha eneo zima. Ulinionyesha kila jiwe la mpaka."

"Mimi nilijua utafuga kuku huku nyuma," mzee akasema. "Kuku ni wepesi."

Hakuna aliyecheka, ingawa jioni Masatu alicheka peke yake kwenye baiskeli. Wambura hakupaza sauti. Alimuuliza mjomba wake swali moja tu, nani mwingine alikuwa anajua. Mzee Marwa akaelekeza kidevu upande wa minyaa. Mama Bhoke alikuwa mpangaji wake kwenye nyumba ile ya zamani, kabla hajanunua kile kipande cha chini. Siku choo kinafunikwa alikuwepo, alimwambia mzee kwamba ile si kazi, na mzee akamwambia ahame kama hapapendi.

Jioni Wambura aliniomba nimsindikize kwa jirani yake. Alikuwa ametuma mtoto kuuliza kama anaweza kuja, na jibu lilirudi kwamba aje, ila aje na fundi, ili awepo mtu wa kusikia yatakayosemwa. Hata hapo yule mama hakuwa anamwamini, na mimi sikumlaumu.

Tulikaribishwa uani. Hatukupewa viti haraka.

"Mama Bhoke," Wambura akaanza, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Siku unapima ukuta wako nilikuja nikakuambia hapo pana shimo. Ukasema nakutisha ili nichukue eneo. Ukaniambia nitoke."

Wambura akaangalia mikono yake. "Ni kweli."

"Mjumbe nilimwambia, akasema haya mambo ya mpaka yameisha, niache chokochoko. Sasa ningefanyaje? Nikae niwaangalie watoto wanaruka pale? Mchana nilikuwa nauza dagaa huku nasikiliza kama kuna watu wanakimbilia huku."

"Nisamehe, mama."

Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akaendelea kuuchambua. "Nimesikia," akasema.

Tulivyokuwa tunarudi, Wambura aliniuliza, "Nimesikia maana yake amesamehe?" Nikamwambia maana yake amesikia.

Tulijaza lile shimo kwa mawe makubwa kwanza, halafu changarawe, tunashindilia kila tabaka, halafu juu tukamwaga zege lenye nondo. Hata baada ya hapo sikukubali kiwanja kipite juu yake. Tukakata zaidi upande wa juu, kiwanja tukakisogeza, kikawa kifupi kuliko alichotaka. Mlango wa goli la chini uliishia palepale ambapo yule mama alikuwa anapigilia kigingi. Sikupanga hivyo, vipimo ndivyo vilivyoangukia.

Halafu likaja suala la maji. Nyasi bandia hazinywi maji kama majani ya Mungu. Mvua inapita kwenye matundu ya zulia, inaingia kwenye kokoto, inashuka, na isipopewa njia itatafuta nyumba ya mtu. Tulilaza bomba lenye matundu nyuma ya ukuta, tukalitoa pembeni mpaka kwenye mtaro wa barabara. Nilipomweleza Mama Bhoke alisema, "Maneno mazuri." Kesho yake alikuja na ndoo zake, akaomba maji ya bomba la Wambura, akamwaga kiwanjani mwenyewe ndoo baada ya ndoo. Kisha akashuka kwake, akasimama kwenye ukuta wa nyumba yake, akaweka kiganja kwenye matofali, akangoja. Palikuwa pakavu. Akaenda barabarani, akakuta maji yanatoka mtaroni.

"Tutaona masika," akasema, akaondoka na ndoo zake.

Na mimi sikubisha. Fundi Shabani angempenda sana yule mama.

Masika yalipoisha nilipita Manyamanyama kuangalia viungo vya nyasi kama vimeshika. Vilikuwa vimeshika. Ukuta wa Mama Bhoke ulikuwa mkavu. Watoto walikuwa wanacheza, na uwanja ulioko juu ya mteremko una tabia moja ambayo hakuna fundi anayeweza kuimaliza: mpira ukiruka wavu, unakwenda kwa jirani wa chini. Mke wa Wambura aliniambia mwanzoni mpira ukiangukia kule ulikuwa unalala huko, mtoto anakwenda kuuomba kesho yake kwa salamu na adabu zote.

Nikiwa nimesimama pale mpira uliruka. Watoto wakasogea kwenye wavu. Mama Bhoke alitoka jikoni, akauokota, akaufuta tope kwa kanga. Akaugeuza pande zote, akaubonyeza kwa vidole gumba, akausikiliza kama una upepo wa kutosha. Akatuangalia sisi wote juu ya ukuta, mmoja baada ya mwingine.

Halafu akaurusha.